Mbegu za Bibi na Boga la Kilo 911

Nikiwa na miaka 9 nilikaanga mbegu za bibi nikazila. Alikuwa amezifunga kwenye kitambaa juu ya meko, zimechanganywa na majivu. Hakunichapa. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza, "Mjukuu wangu, mwakani tutapanda nini?"

Swali hilo lilinirudia niliposoma habari za Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada. Mwaka 1904, kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, William Warnock wa Ontario alikuwa amepimisha boga la kilo 183 hivi. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 70. Dill akawa anapanda, anachagua maboga bora, anachavusha maua kwa mkono na kutunza mbegu, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1981 boga lake lilifika kilo 224. Mbegu zake zikajulikana kama Dill's Atlantic Giant.

Mbolea na maji vina kazi yake. Mkulima huacha tunda moja tu kwenye shina, mengine huyakata yangali machanga, na tunda hilo huweza kuongezeka kilo 20 kwa siku moja. Lakini bila mbegu ya ukoo huo, jitihada zote hizo hazifiki mbali. Dill aliziuza mbegu zake kwa wakulima wa mbali, nao wakampita. Mwaka 2012, huko Marekani, Ron Wallace alipima boga la kilo 911. Dill alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Bibi naye alikuwa akichagua, ila hakutafuta uzito. Boga la mashindano huwa na majimaji, halina ladha. Yeye alitaka boga kavu, tamu, linalokaa ndani miezi bila kuoza, na majani laini ya kupika na karanga. Kazi ni ileile ya Dill, ila hakuna pakiti yenye jina lake.

Msimu ule mvua zilipokaribia, alinishika mkono tukaenda kwa jirani kuomba mbegu. Jirani alicheka. "Mama, hizi si ni zako? Ulinipa mwaka ule nilipoolewa."

Tulirudi na mbegu kumi na mbili. Bibi alinipa mimi nizibebe.