Mtetezi wa Mnyama na Jina la "Siasa Kali": Mtazamo wa Kihistoria

Katika usharika mmoja wa Boko, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mwanafunzi wangu wa uchungaji alihubiri juu ya Mithali 12:10, akawataja kuku wanaopelekwa sokoni wakining'inia vichwa chini kwenye pikipiki. Aliitaja pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, ambayo wengi wetu hatukuwa tumeisoma. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alimwuliza kwa upole, "Mwanangu, nawe umejiunga na wale wa siasa kali?" Kijana hakuwa na jibu. Nami niliyesimama karibu nilibaki na swali langu: jina hilo lilitoka wapi hata likafika Boko, ambako hakuna aliyepata kumwona mtu wa namna hiyo?

Utetezi huu ulianza kama kazi ya watu wa kanisa. Chama cha Uingereza cha kuzuia ukatili kwa wanyama kiliundwa London tarehe 16 Juni 1824, na aliyekiitisha kikao alikuwa kasisi wa Kianglikana, Arthur Broome. Waliohudhuria ni pamoja na William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, wale wale waliopigana na utumwa. Broome aliacha kazi yake ya usharika ili akitumikie chama, na mwaka 1826 akatiwa gerezani kwa sababu ya madeni yake.

Buxton na wenzake walikwisha kuonja dawa iliyoandaliwa kwa watetezi. Wenye mashamba ya miwa ya West Indies walikuwa na kamati yao London, nayo tangu mwaka 1823 iligharimia maandishi ya kuwapinga waliotaka watumwa waachwe huru. Mwaka huohuo, huko Demerara, mmisionari John Smith alihukumiwa kifo kwa madai ya kuchochea uasi wa watumwa. Alifia gerezani Februari 1824, kabla nafuu aliyopewa na mfalme haijamfikia. Hapo hoja ya mjeledi ilikwisha geuzwa kuwa hoja ya tabia ya mmisionari.

Dawa hiyohiyo ilitumika Marekani dhidi ya watetezi wa wanyama. Kampuni ya US Surgical, ya Norwalk katika jimbo la Connecticut, ilitengeneza vifaa vya kushonea majeraha ya upasuaji, na wauzaji wake walifundishwa kuvitumia kwa kuwapasua mbwa hai waliotiwa usingizi. Watu waliandamana mlangoni pake kwa miaka kadhaa. Novemba 1988 mwanamke mmoja alikamatwa akiweka bomu karibu na maegesho ya mkuu wa kampuni, Leon Hirsch. Magazeti yalipata habari yao: kumbe hawa ni magaidi. Baadaye ikafahamika kwamba mwanamume aliyempeleka kwa gari hadi Norwalk alikuwa akilipwa na kampuni ya upelelezi, Perceptions International, iliyoajiriwa na US Surgical yenyewe. Mwanamke mwingine, aliyejifanya rafiki yake wa karibu, alilipwa vivyo hivyo. Mwenye bomu hakuwa malaika, maana bomu alilibeba kwa mikono yake. Lakini mtu mpweke akizungukwa na marafiki wa kukodiwa, ni nani wa kumwambia aache?

Njia ya pili haikuhitaji bomu. Mwaka 1995 Richard Berman, mwanasheria wa Washington, alipokea dola 600,000 kutoka kampuni ya sigara ya Philip Morris ili kuanzisha Guest Choice Network, kwa jina la kutetea hiari ya mteja hotelini. Jambo hili lilifichuliwa na nyaraka za kampuni za sigara zilizotolewa kwa sababu ya kesi. Shirika lilibadili jina kuwa Center for Consumer Freedom, likawaandama watetezi wa wanyama kama watu wa kupindukia. Mwaka 2010 likaanzisha HumaneWatch kwa ajili ya kazi hiyo. Majina ya wafadhili halikuyatangaza. Msomaji atamkumbuka Tertulo katika Matendo 24, msemaji aliyeletwa Kaisaria amshitaki Paulo mbele ya liwali. Walakini Tertulo alisimama pamoja na waliomleta, Feliki akawaona.

Yatupasa kuwa wakweli: jeuri ilikuwako. Nchini Uingereza wafanyakazi wa maabara ya Huntingdon walitishwa, magari yakachomwa, na mwaka 2001 mkurugenzi wake alipigwa vibaya nje ya nyumba yake. Waliofanya hayo waliwapa wenye viwanda zawadi kubwa. Mei 2005 ofisa wa FBI aliliambia Baraza la Seneti kwamba watu wa siasa kali wa mazingira na wa haki za wanyama ndio tishio kuu la ugaidi wa ndani, na mwaka 2006 ikapitishwa sheria kali ya kulinda biashara zinazotumia wanyama.

Sisi tulikuwa na mfano wa karibu zaidi. Marehemu Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960 na kufariki Oktoba 2025, aliingia mwaka 1987 katika maabara ya Rockville, jimbo la Maryland, akaona sokwe wamefungiwa katika masanduku membamba. Aliketi na wakuu wa maabara kuzungumza nao, hata wanaharakati wengine wakamlaumu kwa kuketi huko.

Habari zake nilimsimulia yule mzee juma lililofuata. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba nakala ya ile sheria ya mwaka 2008, akauliza kama ipo kwa Kiswahili.