Kutoka Kuchimba hadi Kuandika: Historia ya Kitenzi cha Kilatvia *rakstīt*

Makala haya yanachunguza kitenzi *rakstīt*, ambacho katika Kilatvia cha leo kina maana ya "kuandika". Hoja yetu ni kwamba neno hili halikuzaliwa pamoja na vitabu. Lilikuwamo katika kazi za mikono, na vitabu vikalikuta huko.

Kilatvia, pamoja na Kilithuania, ni lugha ya tawi la Kibaltiki. Wanaetimolojia hukihusisha kitenzi hiki na *rakt*, "kuchimba". Kwa maelezo hayo, maana ilianzia kwenye kuchimba au kukwaruza, ikawa kutia nakshi, na hatimaye kuandika. Hatua ya kati ingali hai: nomino *raksts* humaanisha maandishi, na vilevile nakshi ya kitambaa au ya glavu za sufu. Katika nyimbo fupi za jadi, *dainas*, ambazo Krišjānis Barons alizichapisha katika juzuu 6 kati ya 1894 na 1915, msichana anayetia nakshi glavu zake hutajwa kwa kitenzi hikihiki.

Katekisimu za Kilatvia zilichapishwa mwaka 1585 na 1586. Biblia iliyotafsiriwa na Ernst Glück, mchungaji Mjerumani, ilifuata mwaka 1689. Herufi zilitoka nje na waandishi wengi wa mwanzo walikuwa wageni, lakini kitenzi kilichokuja kuitaja kazi yao kilikuwa cha wenyeji.

Njia hiyo si ya Kilatvia pekee. Kitenzi cha Kigiriki *graphein* nacho kilianzia kwenye kukwaruza. Kiswahili kilipita njia nyingine: *andika* ni pia kupanga na kuweka kwa utaratibu, ndiyo maana twasema "kuandika meza". Kilatvia kilikiona chombo kinachochora. Kiswahili kiliona mpangilio wa vitu.

Hapa pana funzo kwa wapangaji wa lugha. Kamusi inayoiacha maana ya ufundi kwa kuidhani imepitwa na wakati huondoa ushahidi wa namna jamii ilivyolipokea jambo jipya kwa maneno yake yenyewe. Tunapendekeza kamusi zetu zihifadhi maana hizo, na waundaji wa istilahi wausikilize kwanza msamiati wa maseremala, wasusi na wavuvi kabla ya kukopa.