Ukuta wa Kununua, Ukuta wa Kulea

Katika Super Bowl ya Februari 2021, fainali ya ligi ya futiboli ya Marekani, Patrick Mahomes, kwotabeki (mrusha mpira) wa Kansas City Chiefs, alikimbizwa mchakamchaka. Tampa Bay Buccaneers walishinda 31–9. Mkono wake wa kurushia mpira haukuwa na tatizo; waliopwaya ni wale watano wanaosimama mbele yake kumkinga. Eric Fisher, mlinzi wa ukingo wa kushoto, alikatika kano ya kisigino wiki mbili kabla, na Mitchell Schwartz wa kulia alikuwa nje kwa maumivu ya mgongo.

Chiefs wakavunja ukuta mzima. Waliwaacha Fisher na Schwartz, wakamsajili Joe Thuney kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 80, wakamchukua Orlando Brown kutoka Baltimore Ravens kwa kubadilishana nafasi za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji chipukizi. Katika drafti yenyewe wakawapata Creed Humphrey, raundi ya 2, na Trey Smith, raundi ya 6, aliyeporomoka kwa sababu aliwahi kuganda damu mapafuni. Msimu ulipoanza, hakuna hata mmoja kati ya watano aliyekuwa ameanza fainali ile. Katika Super Bowl ya Februari 2023 wakakutana na Philadelphia Eagles, timu iliyowaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida. Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Chiefs wakashinda 38–35.

Pesa imeongea? Kwa siku ile, ndiyo. Lakini wiki chache baadaye Brown akahamia Cincinnati, na ukingo wa kushoto ukahitaji mtu mwingine. Waliodumu ni Humphrey na Smith, vijana waliokuzwa palepale.

Philadelphia wana desturi nyingine. Jeff Stoutland alianza kuwanoa walinzi wao mwaka 2013. Makocha wakuu wakabadilika, yeye akabaki. Mwaka 2018 alikabidhiwa Jordan Mailata, kijana wa Sydney mwenye zaidi ya mita mbili, aliyechaguliwa raundi ya 7 bila kuwahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Marekani. Alitoka kwenye raga ya wachezaji 13. Mpenzi wa raga wa Nairobi ataelewa ugumu wake mara moja: kwenye raga, ukimzuia mpinzani asiye na mpira umecheza faulo, na huku hiyo ndiyo ajira yako. Tena unaifanya ukirudi nyuma, nyonga chini, viganja kifuani mwa jitu linalokujia kasi. Mailata alikaa misimu miwili bila kucheza mechi ya ligi. Sijui klabu ngapi zingemvumilia.

Jason Kelce, mlinzi wa katikati wa Eagles, alipostaafu mwaka 2024, Cam Jurgens alikuwa amekwisha kukaa naye misimu miwili. Akasogea katikati bila kelele. Eagles nao hununua, tusiwapambe: Mekhi Becton alikuja baada ya kuchuja kwenye New York Jets, Stoutland akamtoa ukingoni na kumweka ndani.

Chiefs na Eagles wakarudiana kwenye Super Bowl ya Februari 2025. Thuney, mlinzi wa ndani kwa miaka mingi, ndiye aliyekuwa akiziba ukingo wa kushoto wa Chiefs. Mahomes aliangushwa mara sita, Eagles wakashinda 40–22. Mwezi uliofuata Chiefs walimpeleka Thuney Chicago Bears, na Aprili wakatumia nafasi yao ya raundi ya kwanza kumchukua Josh Simmons, mlinzi wa ukingo wa kushoto.