Diski Kabla ya Waya

Historia ya video kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, husimuliwa kama historia ya kuchelewa: waya wa mtandao haukufika, basi watu walikosa. Simulizi hiyo inapima njia moja tu. Kutiririsha video kwa kasi kubwa isiyopungua hudai njia isiyokatika-katika, na mji wa Kasongo kwa muda mrefu haukuwa nayo. Hata reli ya Kongolo hadi Kindu ilipita ng'ambo ya mto Lualaba. Kabla yake, enzi ya mfanyabiashara Tippu Tip, shehena zilizosafiri kati ya Kasongo, Kabambare na Ujiji ziligawanywa katika mizigo ya takriban frasila mbili, kwa kuwa mbebaji alikuwa binadamu, mara nyingi mtumwa. Njia ndiyo iliyoamua umbo la mzigo.

Diski ya VCD, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1993, ilitii sharti hilohilo. Kasi ya video yake haibadiliki: biti milioni 1.15 kwa sekunde, wahusika wawe wanazungumza sebuleni au wanapigana. Ndiyo maana mapambano yakichachamaa picha huvunjika vigaevigae, na filamu ya saa moja na nusu huhitaji diski ya pili. Lakini modemu ya simu ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipitisha, kwa ubora wake wote, biti elfu 56 tu kwa sekunde, yaani sehemu moja ya ishirini. Diski katika furushi la mchuuzi ilikuja na kasi yake ndani. Ilitaka jenereta, deki na televisheni, basi. Kazi ngumu ya kubana picha ilikwisha kufanywa mbali, kabla ya safari.

Atasema mtu kwamba Philips na kampuni za Japani hazikuifikiria Maniema. Kweli, zilichagua kasi ambayo CD ya muziki iliweza kuibeba. Lakini nia ya aliyeunda chombo haielezi kwa nini wengine walikipokea. Dishi la satelaiti nalo lilileta picha safi, ila lilipanga saa na filamu, tena mara nyingi kwa ada ya kila mwezi. Pingamizi zito zaidi ni simu: huduma za leo hushusha kasi mtandao unapodhoofu, kama ifanyavyo teknolojia ya HLS ya Apple tangu 2009. Huko ni kukiri kwamba njia bado ndiyo inayoamua. Na filamu iliyogeuzwa kuwa faili dogo, ikawekwa kwenye kadi ya memori, haimlii mtazamaji megabaiti hata moja.

Diski hizo zinakwaruzika na kutupwa. Anayetaka kuandika historia ya filamu Maniema aanze kuzikusanya sokoni, sasa.