Tahadhari ya hali ya hewa hukufikiaje kwenye simu? Ifahamu XML

Unaposoma kwenye simu kwamba upepo mkali unatarajiwa baharini, ujue kuwa taarifa hiyo imepita kwenye kompyuta kadhaa kabla ya kukufikia. Ikiwa saa, mahali au jina la aliyeitoa litapotea njiani, mvuvi anaweza kutoka siku ya hatari, au akabaki nyumbani bure wakati bahari ni shwari. Katika makala hii tunaeleza utaratibu unaosaidia kuzuia hilo, unaoitwa XML, na jinsi unavyoweza kukusaidia kupima ujumbe unaosambazwa.

Kwanza, kanzidata

Taasisi nyingi huweka taarifa zake kwenye kanzidata, ambayo wengine huiita hifadhidata. Ifikirie kama daftari la chama cha ushirika: safu ya jina la mkulima, safu ya kilo, safu ya tarehe, safu ya malipo. Tatizo ni kwamba kila taasisi hupanga safu zake inavyotaka. Ukinakili daftari la huyu kwenye daftari la yule bila mpangilio, kilo zinaweza kuingia mahali pa malipo.

XML ni nini?

Ni utaratibu wa kuandika taarifa ambapo kila kipande huwekwa kati ya lebo mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Ulipitishwa rasmi na W3C, shirika linaloratibu viwango vya tovuti duniani, tarehe 10 Februari 1998. Huu ni mfano tuliotunga wenyewe:

<tahadhari>
<tukio>Upepo mkali</tukio>
<eneo>Pwani ya Tanga</eneo>
<mwisho>2025-04-12T21:00:00+03:00</mwisho>
</tahadhari>

Programu ya anayetuma huchukua taarifa kwenye kanzidata yake na kuzifunga kwa lebo. Programu ya anayepokea husoma lebo na kuweka kila kitu kwenye safu yake, bila kukisia. Lebo ikifunguliwa bila kufungwa, faili huhesabiwa kuwa mbovu na hukataliwa.

XML hubeba maudhui tu. Rangi na mapambo huamuliwa na anayepokea. Ndiyo maana faili moja inaweza kutoa ukurasa wa tovuti, ujumbe mfupi wa simu na maandishi ya kusomwa redioni.

Lebo zinazokubaliwa na wote

Kwa tahadhari za majanga, upo mpangilio maalumu wa lebo unaoitwa CAP, ulioandikwa kwa XML. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004, na toleo la 1.2 mwaka 2010. Hutaka kila tahadhari iwe na namba yake, mtoaji, na muda ilipotumwa. Hutaka pia ielezwe kama ni tukio halisi, zoezi au jaribio, na kama ni tahadhari mpya, marekebisho au inafutwa. Inayofutwa hutaja namba ya ile ya awali, hivyo tovuti huweza kuiondoa ukurasani. Ujumbe mmoja unaweza kubeba maelezo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine pia.

Angalia saa vizuri

Kwenye mfano wetu, 21:00 ni saa tatu usiku, na +03:00 inaonyesha kuwa ni saa za Afrika Mashariki. Vivyo hivyo, 09:00 ni saa tatu asubuhi. Kompyuta haichanganyi saa hizo mbili, lakini mtu anayenakili kwa mkono na kuandika "saa tatu" tu anaweza kupoteza saa 12 nzima.

Kabla ya kuamini au kusambaza

XML haijui ukweli. Eneo lisilo sahihi likiandikwa ndani ya lebo sahihi, kosa litasafiri vilevile. Na mtu akipiga picha ya tahadhari na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, lebo zote hubaki nyuma. Picha ya mwaka jana inaweza kuonekana kama ya leo. Kwa hiyo jiulize:

1. Nani ameitoa?
2. Imetolewa tarehe gani na saa ngapi?
3. Inahusu eneo gani hasa?
4. Inaanza na kuisha lini?
5. Ni tukio halisi au zoezi?

Jibu moja likikosekana, usiisambaze kwanza. Itafute kwenye kurasa rasmi za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) au, kwa walio Kenya, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Lakini ukiona mawingu mazito na bahari imechafuka, usisubiri ujumbe: rudi pwani.