Baraza na Jibu Lake: Mazungumzo ya Serikali na Raia katika Nchi ya Kathonzweni

Neno baraza halikuzaliwa penye meza ya serikali. Katika miji ya pwani, baraza ni ile sehemu ya mbele ya nyumba yenye viti vya mawe vilivyojengewa ukutani, aghalabu kimoja kila upande wa mlango, ambapo wageni hupokewa, habari husimuliwa na bao huchezwa. Wakaao barazani hukaa wakielekeana. Mmoja akisema, mwenziwe yupo papo hapo kumjibu, na asiyejibu huhesabiwa kuwa amesusa. Kutoka hapo neno likapanuka maana, likawa pia jina la kikao cha mtawala na wazee wake. Serikali ya Kiingereza ilipolichukua na kulipandisha bara, likawa jina la mkutano ambao mtu mmoja husimama na wengine huketi chini.

Kathonzweni, mji mdogo wa soko ulio kwenye barabara itokayo Wote kwenda Makindu, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Makueni, ni mahali pafaapo kulifuatia neno hili. Nchi hii ya Ukambani imepitiwa na karibu kila namna ya serikali za mitaa zilizojaribiwa nchini Kenya, na kila moja imeacha maneno yake vinywani mwa watu. Atakayeyachunguza maneno hayo ataona kwamba habari za serikali, kwa jumla, zilifika. Kilichokuwa adimu ni njia ya kurudishia jibu.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Wakamba hawakuwa na machifu wa kurithiana. Mambo ya utui, yaani kijiji pamoja na malisho na makonde yake, yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee, na mazungumzo ya kila siku yalifanyika kwenye thome, uwanja ulio nje ya lango la boma ambapo wanaume huketi jioni. Thome na baraza la pwani ni ndugu wa kufikia: vyote viwili ni mahali kwanza, mkutano baadaye. Wala Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu kabla ya katikati ya karne ya 19, na Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849 alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye alikuwa ameizoea njia ya pwani. Kiswahili cha misafara kilikuwa lugha ya kupatana bei. Katika kupatana bei, kila neno hungoja jibu.

Kiswahili cha serikali kilikuja kwa mlango mwingine. Kampuni ya Kiingereza ilijenga boma Machakos kabla ya mwaka 1895, yaani kabla serikali yenyewe haijaitwaa nchi, na pamoja na maofisa wake wakaja askari na wapagazi waliozungumza Kiswahili. Mwaka 1902 ilipitishwa sheria ya wakuu wa vijiji, na mwaka 1912 ikafuata sheria iliyompa chifu uwezo wa kutoa amri katika eneo lake. Chifu huyu hakuchaguliwa na nzama. Alikuwa mtumishi mwenye mshahara, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuufikisha ujumbe wa bwana DC.

Hebu itazamwe njia ya ujumbe wenyewe. Uamuzi uliandikwa Nairobi kwa Kiingereza. Mkuu wa wilaya aliueleza kwa Kiswahili, mara nyingi kile Kiswahili kilichokatwakatwa ambacho maofisa walijifunza kwa ajili ya mtihani wa kupandishwa cheo. Karani au mkalimani akaugeuza kuwa Kikamba. Chifu akaurudia tena barazani kwake, na wazee wakaupeleka majumbani. Katika kila kituo kitu fulani kilipotea, na kilichopotea upesi zaidi kilikuwa sababu ya amri. Amri yenyewe ni fupi, hubebeka. Sababu ni ndefu na ina masharti, na mkalimani aliyechoka huiacha njiani. Ndivyo raia alivyopata kulijua jambo la kufanya bila kulijua kusudi lake.

Sarufi ya shughuli hiyo inaeleza mengi. Baraza huitishwa, na mwenye kuliitisha ni mmoja. Watu huhudhuria. Matangazo hutolewa, amri husomwa, ruhusa huombwa. Vitenzi vyote vya serikali hushuka kutoka juu, na vya raia ni vya kupokea au kuomba. Mithali ya pwani husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini mbiu, kama kila mtu ajuavyo, haina masikio.

Kuanzia mwaka 1924 serikali iliruhusu Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya, na Machakos ikapata lake. Baadhi ya wajumbe waliteuliwa, baadhi walipendekezwa na watu, na mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya mwenyewe. Baraza hilo lilitoza kodi ndogondogo na kugharimia shule na barabara, na hapana sababu ya kulidharau. Hata hivyo mwenyekiti aliyetoka kutoa amri asubuhi ndiye aliyekuwa akisikiliza malalamiko ya amri hiyo jioni.

Upungufu huu ulidhihirika mwaka 1938. Serikali iliona kwamba ardhi ya Machakos imechoka kwa mifugo kuzidi, ikaanza kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu, wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, wakati kiwanda cha nyama kilikuwa kimekwisha jengwa Athi River. Kwa ofisa wa kilimo jambo hili lilikuwa hesabu ya majani na kwato. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa mahari, akiba ya mwaka wa njaa na heshima ya mtu. Mabaraza yalikuwa yameitishwa na matangazo yametolewa, na kwa kipimo cha serikali watu walikuwa wamekwisha arifiwa. Chama cha Ukamba Members Association kikaanzishwa, Muindi Mbingu akiwa msemaji wake mashuhuri, na maombi yakapelekwa hata London. Mwishoni mwa Julai maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka Ukambani wakaenda Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakidai kusikilizwa na Gavana. Gavana alikuja kukutana na watu Machakos mwezi wa Agosti. Muindi Mbingu alikamatwa baadaye, akapelekwa uhamishoni Lamu. Na kabla ya mwaka kwisha uuzaji wa nguvu ulikuwa umesimamishwa. Msafara ule ndio jibu ambalo baraza halikuwa na nafasi ya kulipokea. Jibu likatembea kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilometa 60.

Mwaka uliofuata, 1939, gazeti la Kiswahili lenye jina la *Baraza* lilianza kutolewa Nairobi, na likaendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Jina lilikuwa zuri, na barua za wasomaji zililipa ukweli fulani. Lakini gazeti lilimfikia ajuaye kusoma.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi ya Makueni, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa pori la mbung'o, ilifyekwa na kufunguliwa kwa walowezi wa Kikamba kutoka milima iliyosongamana watu. Mpango huo ulikuja na masharti: idadi ya mifugo, namna ya kulima, matuta ya lazima. Hapo mwanzo wengi walisita kuingia, si kwa hofu ya simba na mbung'o peke yao, bali kwa hofu ya masharti. Ni katika kazi ya matuta ya Ukambani ndipo lilipopata umaarufu lile jina la *fanya juu*, yaani kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Leo neno hilo limo katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya lugha nyingi, nao wataalamu wa India na Ethiopia hulitamka bila kujua maana yake. Mwenye kusoma sarufi hawezi kuacha kuona kwamba ni tendo katika hali ya kuamuru. Sauti ya msimamizi aliyesimama juu ya tuta imehifadhiwa humo kama mdudu ndani ya ulimbo.

Na hata hivyo matuta hayo hayo, yaliyochukiwa yalipolazimishwa, yalienea sana pale kazi ilipoachiwa mwethya, vikundi vya kusaidiana vya Kikamba, ambamo wanawake ndio waliokuwa wengi na viongozi walichaguliwa na wanakikundi wenyewe. Jambo lilikuwa lile lile, mtaro ule ule. Lililobadilika ni mahali pa kuzungumzia jambo hilo, na lugha yake.

Uhuru wa mwaka 1963 ulibadilisha wasemaji kuliko ulivyobadilisha mkutano. Sheria ya machifu iliendelea, na chini yake chifu aliweza kuamuru kazi za mikono, kuzuia pombe na kukataza mikusanyiko. Kwa muda wa miaka mingi mkutano wa hadhara usiokuwa wa serikali ulihitaji kibali. Neno harambee lilileta moto mpya, na shule nyingi za Ukambani zilijengwa kwa harambee za kweli. Lakini barazani mchango wa hiari uliweza kutangazwa kwa sauti ile ile iliyotangazia kodi. Mpango wa mwaka 1983 wa kuifanya wilaya kuwa kiini cha maendeleo ulizipa kamati za wilaya kazi ya kupanga, nazo zilijaa maofisa. Makueni ilipomegwa kutoka Machakos mwaka 1992 ofisi zilisogea Wote, na mwendo wa mtu wa Kathonzweni kwenda kutafuta jibu ukapungua. Marekebisho ya mwaka 1997 yalimwondolea chifu nguvu nyingi za kuamuru. Baraza lake likabaki, na, ajabu kidogo, likaanza kufaa zaidi: chifu asiyeweza tena kulazimisha hana budi kushawishi.

Haifai kudhani kwamba katika miaka hiyo yote habari zilitegemea baraza peke yake. Vijijini Kenya barua ya chifu husomwa kanisani baada ya ibada. Mwalimu huwapa wanafunzi ujumbe wa kuwapelekea wazazi. Siku ya soko mtu mmoja husikia na kumi huambiwa. Mazishi nayo ni mkutano. Redio ilipoanza kusema Kikamba mchana kutwa, kwa stesheni kama Musyi FM, ngazi mbili za wakalimani ziliondoka kwa mara moja, na raia akaweza kupiga simu na kusikika na majirani zake na maofisa pia.

Katiba ya mwaka 2010 iliuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikazitaka kaunti ziwe na utaratibu wa mawasiliano na raia, ikitaja redio za jamii na mikutano ya hadhara miongoni mwa njia zake. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana aliyeiongoza kuanzia mwaka 2013 hadi 2022, ilijenga ngazi za mikutano kutoka kijijini, kupitia vikundi vya vijiji na sehemu za wadi, mpaka wadi, kaunti ndogo na kaunti nzima, kila ngazi ikiwa na kamati yake ya maendeleo. Kathonzweni ni mojawapo ya wadi 30 za kaunti hiyo. Miradi huanza kutajwa kijijini, na kamati ya wakazi inayosimamia mradi hutakiwa kutia sahihi kwamba kazi imekubaliwa kabla ya mkandarasi kulipwa. Sahihi hiyo ni kitu kipya katika historia hii, kwa kuwa bila neno la raia fedha haziondoki.

Lakini lugha haikimbii kama sheria. Kwa jambo hili Wakenya husema *ushiriki wa umma*, na pengine *ushirikishwaji wa umma*, kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Katika neno la pili kuna mzizi wa kushiriki, kisha kiambishi cha kusababisha, kisha cha kutendwa: umma hufanywa ushiriki, na yuko mtu asiyetajwa ambaye ndiye mfanyaji. Neno hilo ni mjukuu halali wa *kuitisha baraza*. Ni vigumu kuwalaumu wanaolitumia, kwani mara nyingi linaeleza kwa usahihi kinachotendeka.

Jaribio gumu lilikuja mapema. Mwaka 2014 ugomvi wa bajeti kati ya gavana na Bunge la Kaunti uliharibika hata risasi zikafyatuliwa mwezi wa Septemba huko Wote. Wakazi walitia sahihi ombi la kuivunja serikali ya kaunti, na tume iliyoundwa ikawasikiliza wananchi, ikapendekeza ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Kila hatua ilikuwa ya kisheria. Watu waliulizwa, wakajibu, na neno la mwisho likatoka Nairobi.

Siku hizi mkazi wa Kathonzweni huitwa kwenye mikutano ya namna mbili. Chifu na naibu wake, ambao ni watumishi wa serikali kuu, huitisha baraza juu ya usalama, vitambulisho na chakula cha msaada. Humo husikika pia neno *nyumba kumi*, lililoazimwa Tanzania, ambako lilitoka katika mashina ya TANU ya miaka ya 1960, na likaletwa Kenya mwaka 2013. Msimamizi wa wadi, ambaye ni mtumishi wa kaunti, huita watu kuzungumzia maji, barabara na zahanati. Watu ni wale wale. Katika mkutano wa namna ya pili mazungumzo huenda kwa Kikamba, huku makadirio ya fedha yanayozungumzwa yakiwa yameandikwa kwa Kiingereza, na yuko mtu aliyesimama katikati akifasiri vichwa vya matumizi kimoja baada ya kingine, kama karani wa mwaka 1912, isipokuwa kwamba sasa waliokaa mbele yake wanaweza kumkatiza na kumwuliza fedha za mwaka jana zilikwenda wapi.