Uhamasishaji wa Afya na Ustawi wa Vijana Balehe katika Kibera na Kawangware

Uhamasishaji wa afya na ustawi wa vijana balehe ni jumla ya shughuli za kuelimisha, kushauri na kuishirikisha jamii kwa ajili ya watu wa umri wa miaka 10 hadi 19, ambao Shirika la Afya Duniani huwahesabu kuwa katika kipindi cha balehe, pamoja na wazazi, walimu na majirani wanaoishi nao. Katika mitaa ya mabanda ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, shughuli hizo zimejengeka juu ya vilabu vya wasichana, ligi za kandanda, michezo ya kuigiza ya barabarani, redio za mtaani na, tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, vikao vya afya ya akili shuleni. Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu shughuli hizo yanahusu Kibera, ambayo imeandikwa na kupimwa na watafiti kuliko karibu mtaa mwingine wowote wa aina yake barani Afrika, ilhali Kawangware imebaki pembeni.

Mazingira

Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na leo imegawanyika katika vijiji kama Makina, Laini Saba, Lindi, Silanga, Mashimoni, Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo na Soweto. Kwa miaka mingi ilitajwa kuwa na wakazi milioni moja, dai lililopendwa na wageni na waandishi wa maombi ya ufadhili, hadi sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu watu wapatao 170,000. Kawangware iko katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini na inagusa wadi za Kawangware, Gatina na Kabiro.

Mambo mawili ya mazingira hayo yanaeleza kwa nini elimu ya balehe imekuwa kazi ya mashirika na makundi ya nje ya nyumba. La kwanza ni makazi yenyewe: familia nyingi huishi katika chumba kimoja, wazazi na watoto wakitenganishwa na pazia, huku choo na bafu vikiwa vya kulipia na vya kutumiwa na kaya nyingi, hali inayomnyima msichana faragha ya kujisafisha wakati wa hedhi na kumwacha mzazi bila nafasi ya kuzungumza na mtoto mmoja bila wengine kusikia. La pili ni shule. Shule za msingi za umma, kama Olympic na Ayany upande wa Kibera au Gatina upande wa Kawangware, ni chache zikilinganishwa na idadi ya watoto, na kwa sababu hiyo wengi husoma katika shule za gharama nafuu zinazoendeshwa na watu binafsi, makanisa na vikundi vya mtaa, ambazo mara nyingi huachwa nje ya mipango ya serikali.

Historia

Uhamasishaji wa awali ulikuwa kwa kweli uhamasishaji kuhusu UKIMWI. Rais Daniel arap Moi alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, na katika miaka iliyofuata karibu kila ujumbe uliomfikia kijana wa mtaani ulihusu virusi, kondomu au kuacha ngono. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililofanya kazi Kibera kuanzia mwaka 1997, lilikuwa miongoni mwa waliotangulia kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika mtaa wa mabanda, na liliondoka mwaka 2017 baada ya kukabidhi Kituo cha Afya cha Kibera Kusini kwa Kaunti ya Nairobi. Katikati ya miaka ya 2000 kampeni ya Nimechill iliwalenga vijana wadogo wa mijini kwa mabango, matangazo na ishara ya vidole viwili, ikiwahimiza kuahirisha ngono. Ilipendeza macho na ilizungumza kwa lugha ya vijana, lakini haikuwa na jibu kwa msichana ambaye kukubali au kukataa hakukuwa mikononi mwake.

Pengo hilo lilizibwa na makundi yaliyozaliwa mtaani. Shirika la Carolina for Kibera liliundwa mwaka 2001 na Salim Mohamed, muuguzi Tabitha Atieno Festo na Mmarekani Rye Barcott. Masimulizi ya kuanzishwa kwake yamerudiwa mara nyingi: Festo alipewa dola 26, akazifanyia biashara ya mboga, na faida yake akaifungulia zahanati nyumbani kwake, alifariki mwaka 2004, na zahanati hiyo inabeba jina lake hadi leo. Upande wa michezo, shirika hilo liliendesha ligi ya kandanda iliyozitaka timu zishiriki katika kusafisha mtaa, utaratibu uliounganisha usafi wa mazingira, mazoezi ya mwili na mazungumzo ya afya bila kumwita kijana yeyote kwenye semina. Mwaka 2004 Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, alianzisha kikundi cha vijana kwa mpira ulionunuliwa kwa shilingi 20, kikundi kilichokua na kuwa shirika la SHOFCO, ambalo mwaka 2009 lilifungua shule ya bure ya wasichana pamoja na huduma za afya.

Vilabu vya wasichana

Mwaka 2002 kilianzishwa chini ya Carolina for Kibera kituo cha Binti Pamoja, ambacho ndicho chimbuko la mtindo uliokuja kuenea sana Kenya. Wasichana walikutana kila wiki katika ukumbi uliojulikana kuwa ni wao, wakajifunza kuhusu miili yao, ukatili wa kijinsia na matumizi ya pesa, wakapiga picha za maisha yao na kuigiza mbele ya majirani. Waliohitimu waliwezeshwa kuanzisha makundi madogo katika vijiji vyao wenyewe, wakiwa walezi wa wasichana wanaowafuata kwa umri, kwa hoja iliyo rahisi lakini yenye uzito kwamba msichana wa miaka 13 humsikiliza dada wa miaka 20 wa kijiji chake kuliko daktari anayefika mara moja kwa mwezi. Mahali pa aina hiyo huitwa nafasi salama, yaani pahali pa kukutania ambapo msichana anajua hatadhihakiwa, hatafuatwa na wavulana, na atamkuta mtu mzima anayemwamini.

Karen Austrian, mmoja wa waanzilishi wa Binti Pamoja, baadaye aliongoza katika shirika la utafiti la Population Council mradi wa AGI-K, uliotekelezwa kuanzia mwaka 2015 kwa miaka miwili katika Kibera na katika Kaunti ya Wajir. Mradi huo uliwapanga kwa bahati nasibu wasichana waliokuwa na umri wa kati ya miaka 11 na 14 katika makundi yaliyopata misaada tofauti: mazungumzo ya jamii ya kuzuia ukatili, ambayo wakazi waliyaendesha wenyewe hadi kufikia mpango wa utekelezaji, ruzuku ya pesa taslimu kwa familia kwa sharti la mtoto kubaki shuleni, klabu ya kila wiki ya elimu ya afya, na mafunzo ya kuweka akiba. Kila kundi liliongezewa msaada mmoja juu ya ule wa kundi lililotangulia, ili watafiti waone nini hasa kinachofanya kazi. Katika Kibera matokeo yalionekana zaidi katika masomo, maarifa ya afya ya uzazi na tabia ya kuweka akiba. Fundisho lake kwa wahamasishaji, ingawa si wote waliolipenda, ni kwamba maneno peke yake hayatoshi pale ambapo karo ya muhula haijulikani itatoka wapi.

Mbinu nyingine inayostahili kutajwa ni ya masanduku ya maongezi ya shirika la Polycom, lililoanzishwa Kibera na Jane Anyango. Sanduku huwekwa shuleni, na msichana hutumbukiza humo karatasi isiyo na jina akieleza linalomsumbua, liwe ni ukosefu wa sodo, yaani taulo za hedhi, mwalimu anayemshikashika, au jamaa wa nyumbani. Karatasi hizo husomwa na wafanyakazi wa shirika, ambao huyafuatilia masuala yanayojitokeza pamoja na shule na jamii. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba mada za mazungumzo huchaguliwa na wasichana wenyewe wala si na mfadhili.

Afya ya akili

Hadi miaka ya karibuni huzuni na wasiwasi wa vijana havikuhesabiwa kuwa mambo ya afya. Vilichukuliwa kuwa utundu, uvivu au matatizo ya kuombewa. Utafiti wa kitaifa ulioongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC kati ya mwaka 2021 na 2022 ulionyesha kwamba takribani 44% ya vijana wa miaka 10 hadi 17 walikuwa wamepata tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na kwamba karibu mmoja kati ya wanane alikuwa na maradhi yanayotimiza vigezo vya kitabibu.

Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn pamoja na wenzake, ilifanya jaribio lake la mwanzo katika shule ya sekondari ya Kibera kwa wanafunzi 51 waliokuwa na dalili za wastani hadi kali za sonona, yaani huzuni ya muda mrefu inayomwondolea mtu ari, au za wasiwasi. Takribani nusu yao walihudhuria vikao vinne vya saa moja, kimoja kwa wiki, vilivyofundisha kwamba uwezo wa mtu hukua kwa juhudi, umuhimu wa kushukuru, na kutafakari mambo ambayo mtu anayathamini. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kupungua zaidi kwa dalili na kuongezeka kwa alama za masomo miongoni mwa waliopata vikao hivyo, na matokeo ya jaribio la pili lenye vijana 413 yalichapishwa mwaka 2021. Walioviongoza hawakuwa wanasaikolojia bali vijana waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi, jambo la maana katika nchi ambayo wataalamu wa akili za watoto ni wachache mno. Vikao hivyo havilitaji neno ugonjwa, na pengine ndiyo sababu havikukimbiwa.

Wavulana

Wavulana wameshughulikiwa kidogo, hasa kupitia kandanda na maonyo dhidi ya chang'aa, bangi na, hivi karibuni, kamari ya simu.

Kawangware

Huduma za umma kwa wakazi wa Kawangware hutolewa kwa sehemu kubwa na Kituo cha Afya cha Riruta. Shirika la AMREF limeendesha Dagoretti mradi wa watoto walio hatarini, na Kivuli, kituo kilichofunguliwa na jumuiya ya Koinonia mwaka 1997 huko Riruta, kimekuwa kimbilio la watoto wa mitaani.

Sheria na sera

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaharamisha ngono na mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama wote wawili ni wa rika moja, na hivyo humweka mhudumu wa afya katika njia panda anapotoa ushauri kwa kijana ambaye tayari ameanza ngono. Sheria ya UKIMWI ya mwaka huohuo inataka idhini ya mzazi kabla ya mtoto kupimwa, isipokuwa aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi au aliye katika hatari ya kuambukizwa. Desemba 2013 Kenya ilitia saini azimio la mawaziri wa elimu na afya wa mashariki na kusini mwa Afrika la kufundisha elimu kamili ya jinsia, lakini upinzani wa viongozi wa dini ulilifanya lisonge kwa kusuasua. Sera ya afya ya uzazi ya vijana balehe iliyotolewa mwaka 2015 ni pana na yenye maneno mazuri.

Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yaliitaka serikali itoe sodo bure kwa kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma. Kipengele hicho cha shule ya umma ndicho kinachowaacha nje wanafunzi wengi wa Kibera na Kawangware, ambao hutegemea michango ya mashirika. Chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10 na hupatikana katika vituo vya afya bila kujali aina ya shule.

Hali ya sasa

Tangu Septemba 2023 serikali imetegemea wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaotembea nyumba hadi nyumba wakiwa na mikoba ya vifaa, ingawa kazi yao hasa ni afya ya kaya nzima na kijana hukutwa kwa nadra, kwa kuwa mchana yuko shuleni au kibaruani. Mpango wa Marekani wa DREAMS, wa kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, uliotangazwa Desemba 2014 kwa wasichana na wanawake vijana wa miaka 10 hadi 24 na ulioijumuisha Nairobi, ulitikiswa na amri ya Januari 2025 ya kusimamisha misaada ya nje ya nchi hiyo. Simu ya bure ya watoto, namba 116, ingali inafanya kazi saa zote.